Sura ya Sita: Mlima Uliopimia Dunia

Mtu anayengoja matatu katikati ya jiji la Nairobi amesimama karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na wala hajapanda kitu. Ametoka tu nyumbani kwenda kazini. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza, una mita 1,345. Hesabu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Uskoti kichwani, na ndiyo iliyonifanya nimwulize shemeji yangu, ambaye ni mkazi wa Dundee kwa miaka mingi sasa: "Shemeji, hicho unachotaka kunipeleka ni mlima au ni kilima?"

"Chukua koti la mvua," akasema. "Na glavu. Jibu utalipata hukohuko."

Mlima wenyewe unaitwa Schiehallion, na hutamkwa karibu na "shi-hali-on". Uko Perthshire, katikati ya Uskoti, na kilele chake kina mita 1,083. Jina limetoka katika Kigaeli, lugha ya kale ya nyanda zile za juu, na wengi hulifasiri kuwa ni mlima wa majini wa Wakaledonia, yaani wale watu ambao Warumi waliwakuta huko. Kwa kipimo cha Kilimanjaro yenye mita 5,895, Schiehallion haifikii hata robo. Lakini mlima huu uliwahi kufanya kazi ambayo hakuna mlima mwingine ulioifanya kabla yake kwa mafanikio: ulitumika kuipima dunia nzima uzito wake. Nilitaka kuona kwa macho yangu mahali penye heshima hiyo.

Tulitoka Dundee alfajiri, wiki ya pili ya Septemba. Perth, Dunkeld, Aberfeldy. Kwa sehemu kubwa barabara inafuatana na mto Tay, kisha pale Coshieville inaligeukia bonde jingine na kuanza kupanda. Mashamba yakapungua, miti ikapungua, na nyumba zikabaki moja moja kama meno ya mzee. Ukiutazama Schiehallion kutoka upande wa magharibi, kwenye ziwa Rannoch, unauona kama pia iliyochongwa na seremala hodari, imesimama peke yake. Sisi tulifika upande wa mashariki, mahali paitwapo Braes of Foss, na pale pia haipo. Kuna mgongo mrefu ulionyooka toka mashariki hadi magharibi, kama jahazi lililopinduliwa mchangani likingoja kutiwa kalafati. Umbo hilo la jahazi lina maana kubwa katika habari yetu, kwa hiyo naomba msomaji alishike.

Kwenye maegesho palikuwa na jua. Nilivua sweta, shemeji akaniambia nisiliweke mbali.

Tuliyoyaacha chini yalikuwa mashamba ya kondoo na vijisitu vya misonobari. Njia inaanza kwa upole, inapita ukingoni mwa msitu mdogo, halafu inatoka kwenye uwanda wa vichaka vifupi visivyofika magotini. Waingereza hukiita kichaka hicho heather, Wagaeli wakakiita fraoch, na mwezi Agosti huchanua maua ya zambarau kiasi kwamba milima mizima hubadili rangi. Sisi tulichelewa kidogo. Zambarau ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kutu, na katikati yake majani ya vichaka vya matunda madogo ya buluu yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu. Nilizoea kudhani kwamba mandhari ya nchi za baridi ni ya kijani na kijivu basi. Pale nilihesabu rangi za kahawia tu zikafika saba: kahawia ya fraoch iliyonyauka, ya majani makavu, ya maji ya kijito, ya udongo, na nyingine sina majina yake.

Kahawia ya maji inatoka kwenye udongo. Ardhi ya sehemu kubwa ya nyanda zile imefunikwa na mboji nyeusi iliyojengeka kwa maelfu ya miaka, kwa sababu mvua ni nyingi, baridi ni kali, na mimea inayokufa haiozi ikaisha. Inalala juu ya mwenzake, tabaka kwa tabaka, imelowa kama sifongo. Maji yanayopita humo hutoka na rangi ya chai ya rangi. Hapo zamani watu waliikata mboji hiyo vipande vipande kama matofali, wakaianika, wakapikia na kuotea moto. Kwa mpita njia, ina tabia moja mbaya: ukiikanyaga mara moja inakuvumilia, ukiikanyaga mara elfu inakuwa tope lisilopona.

Hilo ndilo lililoupata mlima huu. Umaarufu wake ulileta watu, watu walileta buti, na njia ya zamani ikapanuka mwaka hadi mwaka, kwani kila aliyekuta tope alipita pembeni, na aliyemfuata akapita pembeni ya pembeni. Likawa kovu pana linaloonekana kutoka mbali. Mwaka 1999 sehemu ya mashariki ya mlima ilinunuliwa na John Muir Trust, shirika la hisani la kuhifadhi ardhi pori, linalobeba jina la John Muir, Mskoti aliyezaliwa Dunbar mwaka 1838, akahamia Marekani akiwa mtoto, akaja kuwa mtetezi mkuu wa misitu na mabonde ya California. Shirika halikuweka uzio. Lilihamisha njia. Njia mpya ilikamilika mwaka 2003, na imejengwa kwa mawe yaliyopangwa moja moja, yenye mifereji ya kukatisha maji ya mvua kabla hayajapata nguvu. Ukipita bila kuangalia utadhani mlima ulizaliwa nayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Niliinama mara kadhaa kutazama jinsi jiwe lilivyolazwa, uso wake bapa juu na mkia wake umezikwa, na kila mara nilimheshimu zaidi fundi ambaye sitamjua.

Kando ya njia, chini kabisa, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vya duara vilivyochongwa na watu wa kale, kabla ya maandishi kufika huko. Hakuna anayejua kwa hakika vilikuwa vya nini. Nilitia kidole kimoja ndani ya kishimo. Kilikuwa na maji ya mvua ya usiku.

Tulipofika kwenye mteremko mkali, shemeji alisimama. "Shemeji, geuka nyuma."

Nikageuka. Bonde lilikuwa limefunguka: maziwa, mashamba, vivuli vya mawingu vikitambaa juu ya vilima kama mifugo. Lakini kilichonishangaza ni upepo. Tulikuwa hatujapanda hata mita 300 kutoka maegesho, na tayari nilikuwa nalifungua begi kutafuta lile sweta.

Hapa ndipo hesabu yangu ya Nairobi ilipovunjika. Urefu kutoka usawa wa bahari ni nusu tu ya habari ya mlima. Nusu nyingine ni umbali kutoka ikweta. Schiehallion iko kwenye latitudo ya nyuzi 56 na zaidi kaskazini, juu kuliko Moscow. Bahari ya Atlantiki haiko mbali, na pepo zake za magharibi hufika zimebeba maji. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kileleni hapa ni baridi kuliko maegesho kwa nyuzi kama 5, na juu ya hapo weka upepo unaopokonya joto la mwili. Kwetu msitu mnene unapanda Kilimanjaro hadi karibu mita 3,000. Kule, ukipita mita mia tano au sita, mti ni kitu cha kutafuta. Mwendo wa saa moja na nusu ulitutoa kwenye malisho ya kondoo ukatuingiza katika nchi ya mawe ambamo wanaishi kwale wanaobadili manyoya kuwa meupe wakati wa theluji. Kwa nchi yenye tabia hiyo, mita 1,083 ni mlima. Shemeji hakuhitaji kunijibu kwa mdomo.

Tulipumzika chini ya jabali, tukanywa chai ya tangawizi na kula chapati tulizokunja asubuhi. Nilimwomba anionyeshe upande wa kusini, ambako mwaka 1774 mtu alikaa ndani ya hema akingoja mawingu yaondoke.

Mtu huyo alikuwa Nevil Maskelyne, mwanafalaki mkuu wa kifalme, bwana wa kituo cha Greenwich. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Kila fundi mwashi anaijua timazi: uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, unautundika, unatulia, na ukuta unausimamisha kwa kuufuata. Uzi unaelekea chini kwa sababu dunia inakivuta kile chuma. Isaac Newton alikuwa amefundisha kwamba si dunia peke yake inayovuta. Kila kitu chenye maada kinakivuta kila kitu kingine. Basi fundi akijenga nyumba kando ya mlima, mlima nao unaivuta timazi yake, na uzi hauelekei chini kabisa bali umeegemea mlimani kidogo sana. Ukiweza kupima umeegemea kiasi gani, na ukajua ukubwa wa mlima na aina ya mawe yake, utaweza kulinganisha nguvu ya mlima na nguvu ya dunia, na kutoka hapo ukapata uzito wa dunia. Newton mwenyewe aliona tofauti hiyo ingekuwa ndogo mno, haipimiki. Mfaransa Pierre Bouguer na wenzake walijaribu mwaka 1738 kwenye mlima Chimborazo, huko Andes, lakini baridi na upepo viliwashinda, wasipate jibu la kuaminika.

Ugumu uko hapa: utajuaje kwamba uzi umeegemea, ikiwa uzi wenyewe ndio kipimo chako cha wima? Lazima uwe na kitu kingine cha kuulinganisha nacho, kitu ambacho mlima hauwezi kukivuta. Maskelyne alitumia nyota. Alikuwa na darubini ya futi 10 iliyotazama utosini mwa mbingu, imefungamanishwa na timazi. Nyota ileile inapopita, aliupima umbali wake kutoka wima ya timazi akiwa upande wa kusini wa mlima, kisha akahamia upande wa kaskazini akapima tena. Kusini uzi unaegemea kaskazini. Kaskazini uzi unaegemea kusini. Mlima unauvuta mara mbili kwa pande mbili, na tofauti inajumlishwa.

Kabla ya hapo Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ilimtuma Charles Mason mwaka 1773 azunguke milima akitafuta unaofaa. Ni Mason yuleyule aliyepima mpaka maarufu wa Marekani pamoja na Jeremiah Dixon. Ndiye aliyeuchagua Schiehallion, na hapa ndipo lile jahazi lililopinduliwa linaporudi. Mlima umesimama peke yake, hauna jirani mkubwa wa karibu wa kuvuruga kipimo. Umelala mashariki-magharibi, na pande zake za kaskazini na kusini ni kali, kwa hiyo vituo viwili vinaweza kuwekwa karibu sana na moyo wake. Umbo lake ni rahisi kupimika. Urefu peke yake usingetosha. Walihitaji mlima wenye adabu.

Maskelyne alifika mwishoni mwa Juni 1774, na kwa miezi takriban minne mvua na mawingu vilimwonyesha cha moto. Mtu aliyezoea kupima nyota Greenwich alilala ubavuni mwa mlima, akiamka usiku kutazama kama mbingu imefunguka, na usiku mwingi haikuwa imefunguka. Hata hivyo aliondoka na vipimo 337 vya nyota 43. Wakati huohuo wapimaji wa ardhi, Reuben Burrow na William Menzies, waliuzunguka mlima wote wakipima urefu wa sehemu baada ya sehemu, katika mvua hiyohiyo.

Jibu la kwanza lilikuwa hili. Kwa kufuata nyota, vituo viwili vilionekana kuachana kwa sekunde 54.6 za tao. Kwa kufuata minyororo ya wapimaji ardhini, vilipaswa kuachana kwa sekunde 42.94. Tofauti ilikuwa sekunde 11.6, na hiyo ndiyo kazi ya mlima. Nimeipigia hesabu ili nielewe: pembe ya sekunde 11.6, ukiinyoosha kwa kilomita nzima, inafungua mwanya usiozidi sentimita 6. Urefu wa kidole. Na hiyo ni kwa pande zote mbili. Kila upande peke yake ni nusu yake. Mtu yule alilala kwenye mvua miezi minne ili aipate nusu ya urefu wa kidole katika kilomita moja, na akaipata.

Kuna kisa ambacho wenyeji bado wanakisimulia kuhusu mwisho wa kazi hiyo. Kijana mmoja wa hapo, Duncan Robertson, aliyewapikia wageni na kuwapigia fidla jioni, alipiga fidla yake katika karamu ya kuagana. Kibanda kikashika moto, fidla ikateketea. Maskelyne alimwahidi nyingine, na inasimuliwa kwamba kweli ilifika kutoka London, na kijana akaitungia wimbo wa Kigaeli. Napenda kwamba katika habari ya uzito wa dunia kuna mtu aliyekumbuka deni la fidla.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya hesabu, na alipewa Charles Hutton. Huyu alizaliwa Newcastle katika familia ya wachimba makaa ya mawe, na yeye mwenyewe alifanya kazi shimoni akiwa kijana kabla ya kuwa mwalimu, hatimaye profesa wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Alikuwa na maelfu ya namba za urefu zilizotawanyika juu ya karatasi kama mchele uliomwagika, na alipaswa kujua mlima una ukubwa gani hasa. Akapata njia: akaziunganisha kwa mstari sehemu zote zenye urefu sawa. Mlima ukaibuka kwenye karatasi, duara ndani ya duara. Mistari hiyo ndiyo tunayoiita kontua, na ingawa wengine walikuwa wameitumia kabla yake, kwa vina vya maji hasa, kazi ya Schiehallion ni kati ya matumizi ya kwanza kabisa ya kontua kuchora mlima. Kila mwanafunzi wa jiografia aliyewahi kukabidhiwa ramani katika mtihani wa kidato cha nne na kuambiwa ataje urefu wa kilima fulani, ametumia kifaa kilichokomazwa na mtoto wa mchimba makaa kwa ajili ya mlima huu.

Mwaka 1778 Hutton alitoa jibu: dunia kwa wastani ni nzito mara 4 na nusu kuliko maji ya ujazo uleule. Mawe ya juu ya ardhi aliyakadiria kuwa mara 2 na nusu tu. Maana yake ilikuwa wazi, na aliisema: ndani ya dunia hakuna uwazi, kama baadhi ya watu walivyodhani, kumejaa kitu kizito kuliko mawe, na huenda ni metali. Leo kipimo kinachokubalika ni karibu 5.5. Henry Cavendish alikikaribia sana mwaka 1798 kwa mipira ya risasi ndani ya chumba kilichofungwa. Lakini Hutton na Maskelyne walikosea kwa chini ya moja ya tano, kwa kutumia mlima, nyota, na uzi wa timazi. Mimi nahesabu hilo kuwa moja ya mambo makubwa yaliyowahi kufanywa na binadamu akiwa amelowa.

Tuliendelea kupanda, na njia nzuri ikakoma.

Juu ya Schiehallion ni mawe. Kwatsaiti, jiwe gumu lenye rangi ya majivu meupe, limepasuliwa na barafu ya enzi na enzi likawa vipande vya ukubwa wa gunia, wa meza, wa friji, vyote vimerundikwa bila mpangilio. Mvua ikinyesha na jua likatoka, mgongo wote unang'aa. Siku yetu haukung'aa. Ukungu ulishuka kwa dakika tano. Kwanza bonde likatoweka, kisha watu waliokuwa mbele yetu, kisha rundo la mawe lililokuwa alama yetu. Nilikuwa namwona shemeji na hatua kumi za mawe, basi.

"Kilele kile," nikasema, nikionyesha weusi ulioinuka.

"Sicho."

Tukakifikia. Nyuma yake kulikuwa na kingine. "Hicho?"

"Hicho nacho sicho. Tazama unapokanyaga."

Kwatsaiti iliyolowa inateleza, na kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi ya kutosha kumeza mguu hadi gotini. Kila hatua ilikuwa uamuzi. Shemeji alitoa ramani na dira ijapokuwa simu yake ilikuwa na ramani pia, akanieleza sababu: simu hufa kwa baridi, na skrini iliyolowa haisikii kidole. Njia ya kurudi ni mashariki, akasema, mashariki tu, kufuata mgongo. Katika ukungu watu huchoka na mawe wakashuka popote panapoonekana laini, na panapoonekana laini ni kaskazini au kusini, kwenye zile pande kali. Nilinyamaza nikalitafakari hilo. Ukali uleule wa pande mbili uliomfaa Maskelyne ndio unaowapoteza wapandaji.

Nitayasema hapa anayopaswa kuyajua kila mtu kabla ya kukanyaga mlima wa Uskoti. Soma utabiri wa hali ya hewa wa milimani, si wa mjini. Beba nguo za ziada, taa ya kichwani, na filimbi. Mipulizo 6 kwa dakika, kisha kimya cha dakika moja, kisha tena, ni wito wa msaada. Simu ni 999, unaomba polisi, kisha unaomba waokoaji wa milimani. Waokoaji hao wengi ni watu wa kujitolea, wanaacha kazi zao na vitanda vyao kuja kukutafuta, na hawakutozi hata senti. Kati ya Juni na Agosti beba pia dawa ya kujipaka, kwa sababu usubi wa kule wanakuja kwa wingu, na ukirudi nyumbani jikague kupe.

Kilele ni jabali jembamba lililoinama. Tulilishika kwa mikono miwili. Ukungu ulikuwa bado umetufunika, na nilikuwa nimekubali moyoni kwamba nimekuja kuona mandhari nikaona glavu zangu. Tukakaa upande usio na upepo. Dakika ishirini hivi. Kisha upande wa magharibi ukaanza kung'aa kama shuka jeupe lililowekewa taa nyuma yake, shuka likachanika, na ziwa Rannoch likawa pale chini yetu, refu, la fedha, limenyooka hadi kwenye uwanda mpana wa mboji na vidimbwi uitwao Rannoch Moor. Zaidi ya uwanda, milima ya Glen Coe, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja buluu iliyopungua kuliko wa mbele yake. Kusini mgongo wa Ben Lawers, wenye mita 1,214. Jua la kule hata adhuhuri halipandi juu sana mwezi wa Septemba. Mwanga wake unakuja kwa ubavu, na kila mkunjo wa ardhi unatupa kivuli. Nadhani ndiyo siri ya mandhari ya Uskoti. Milima haina urefu wa kutisha, lakini mwanga unaichonga.

Nilikaa na nikamkumbuka Hutton. Kutoka juu pale, ukungu ulipokuwa unakata milima yote kwa kimo kimoja, kila mlima ulikuwa umezungushiwa mstari mweupe ulionyooka. Kontua yenyewe, imechorwa na hewa.

Ikadumu dakika kumi, labda pungufu. Kijana mmoja aliyefika nyuma yetu alipiga picha moja, akatuambia huu ni wa 61 wake. Alimaanisha Munro wake wa 61. Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima yote ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani mita 914, na leo orodha hiyo ina milima 282. Wapo maelfu waliopanda yote. Wa kwanza kutangaza kumaliza alikuwa mchungaji A. E. Robertson, mwaka 1901. Munro mwenyewe alifariki mwaka 1919 bila kuimaliza orodha yake. Siwalaumu wanaohesabu, kwa kuwa orodha imewatoa wengi sebuleni. Lakini kijana yule alikuwa ameanza kushuka kabla dakika kumi zile hazijaisha.

Wakati wa kushuka macho yangu yalikwenda kusini, kwenye bonde la Gleann Mòr. Halina mtu. Lakini humo kuna mabaki ya kuta za mawe za vibanda vya kiangazi, ambako hadi karne chache zilizopita akina mama na vijana walipanda na ng'ombe, wakakaa miezi ya joto wakikamua na kutengeneza siagi na jibini, wakati mashamba ya chini yakiiva. Ni kama ronjo za wafugaji wetu wa Simanjiro, kwa sababu zilezile. Baadaye wenye ardhi waligundua kwamba kondoo wana faida kuliko wapangaji, na katika karne za 18 na 19 familia nyingi za nyanda za juu ziliondolewa, wengine wakavuka bahari kwenda Kanada. Kwa hiyo ule utupu ambao wageni husifu una historia. Watu waliondolewa, miti ilikuwa imekwisha kukatwa, na kulungu, ambao mbwamwitu wao walimalizwa na binadamu, wanakula kila mche unaojaribu kuinuka. Nilipendezwa na uwazi ule na ninakiri bado napendezwa nao. Sasa najua pia kwamba mahali pengine pale palistahili kuwa na msitu, na pengine kuwa na moshi wa jikoni.

Jambo moja limerekebishwa, na naliona kubwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya milimani Uskoti ingali mikononi mwa wamiliki wachache wa mashamba makubwa. Lakini sheria ya mageuzi ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu, mwenyeji au mgeni, haki ya kupita kwa miguu karibu kila mahali, mradi asiharibu mazao, asiingie uani kwa watu, na asiache uchafu. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna wa kukuuliza pasi. Shemeji ananiambia katika miaka yake yote hajawahi kusimamishwa mlimani na mtu akiulizwa anatoka wapi, isipokuwa kwa salamu.

Tulifika kwenye maegesho saa kumi jioni, kilomita kama 10 kwenda na kurudi, saa sita kamili pamoja na chai na kungoja ukungu. Magoti yangu yaliniambia ni mlima.

Ukijaliwa kufika Schiehallion, ifuate njia ya mawe toka mwanzo hadi inapoishia, hata pale inapozunguka na wewe unaona mkato. Kovu la njia ya zamani linaendelea kufunikwa na mimea, pole pole kama mimea ya nchi zile inavyokua. Usilikanyage.